Waya Nyeupe

Mwaka 1838 mwanasayansi wa Bavaria aitwaye Carl August von Steinheil alikuwa anatafuta namna ya kupunguza gharama za telegrafu. Wakati huo kila laini ilihitaji waya mbili, moja ya kupeleka umeme na nyingine ya kuurudisha, maana umeme usio na njia ya kurudi ulikotoka hauendi popote. Steinheil akajaribu kutumia reli za garimoshi kati ya Nuremberg na Fürth mahali pa waya. Jaribio likashindikana: umeme ulivuja kutoka reli moja kwenda nyingine kwa kupitia ardhini. Lakini uvujaji huo ndio uliompa jibu. Ikiwa ardhi inapitisha umeme kirahisi hivyo, basi ardhi yenyewe ifanywe njia ya kurudia. Akafukia mabamba ya metali kila mwisho wa laini, akaondoa waya moja kati ya mbili, na ujumbe ukapita.

Watu wa pwani yetu walipoletewa mtambo huo waliuita simu, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ni waya. Mafundi wa magari nao, miongo mingi baadaye, waliokota kwa Waingereza neno la ardhi, wakalitamka ethi. Neno hilo lina kichekesho ndani yake, kwa sababu gari limekaa juu ya matairi ya mpira na umeme wa taa zake haupiti ardhini hata kidogo. Ardhi ya gari ni bodi yake.

Nataka kusimulia historia ya ethi moja tu, ile ya taa za tela linalovutwa na gari dogo. Kwenye plagi ya Kimarekani yenye pini 4, waya yake ni nyeupe. Kwenye plagi ya Ulaya yenye pini 7, ni nyeupe pia. Haina taa iliyopewa jina lake. Ipo waya ya breki, ipo ya indiketa, ipo ya taa ndogo za usiku, lakini hakuna mtu anayesema taa ya waya nyeupe imeungua. Pengine ndiyo maana husahauliwa. Mimi nina sababu ya kutoisahau, nami nitaifikia.

Magari ya kwanza hayakuwa na tatizo hili, kwa kuwa taa zake hazikuwa za umeme. Mbele yalibeba taa za gesi ya asetilini, na nyuma taa ya mafuta yenye kioo chekundu. Mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, pamoja na taa zilizotegemea betri hiyohiyo. Mabadiliko hayakuenea kwa siku moja. Ford Model T ya mwaka 1915 ilikuwa na taa za umeme mbele, lakini ile ya nyuma bado iliwashwa kwa kiberiti. Hapo mtu anaweza kusoma mpangilio wa mawazo ya watengenezaji: kwanza dereva aone aendako, kisha, siku nyingine, wengine waweze kumwona yeye.

Umeme ulipofika nyuma ya gari, hesabu ya Steinheil ilirudiwa. Kwa nini kununua waya mbili kwa kila taa wakati gari lote ni chuma? Waya moja ikapeleka umeme kwenye globu, na bodi ikaurudisha kwenye betri. Nusu ya shaba ikaokolewa. Waingereza, kuanzia miaka ya 1930, walikwenda hatua moja pembeni: walifunga pozitivu ya betri kwenye bodi badala ya negativu, wakaendelea hivyo hadi miaka ya 1960, wakati redio za transista na olteneta zilipowalazimu wafanane na wengine. Mjomba wangu alijifunza ufundi kwenye Land Rover za aina hiyo, katika shamba la mkonge karibu na Korogwe. Hadi uzeeni, kabla ya kugusa gari asilolijua, alifungua kwanza boneti na kuangalia ni kichwa kipi cha betri kimefungwa kwenye chuma. Aliita jambo hilo kubisha hodi.

Makubaliano kati ya waya na bodi yanafanya kazi vizuri mpaka unapofunga tela. Tela lina chuma chake lenyewe. Kati ya chuma hicho na bodi ya gari kuna kiungo kimoja tu cha kuvutia: kwenye magari madogo ni tufe la chuma lililofunikwa na kikombe cha chuma, vyote vimepakwa grisi ili visilane. Grisi haipitishi umeme vizuri. Kutu pia haipitishi. Rangi ndiyo kabisa. Wakati mwingine umeme utapita hapo, tela likiwa zito na tufe limekaa vizuri. Kisha gari litaruka tuta moja, kikombe kitasogea kidogo, na njia itakatika kwa nusu sekunde au kwa safari nzima.

Kwa hiyo plagi ya tela ikapewa waya ambayo taa za gari lenyewe zilikwisha kuiacha. Fikiria mzigo wake. Katika mfumo wa volti 12, globu ya breki ya wati 21 hula karibu ampea 1.75, na globu ndogo ya wati 5 hula chini ya nusu ampea. Ukikanyaga breki usiku, taa 2 za breki na 2 ndogo kwa pamoja zinavuta zaidi ya ampea 4. Umeme huo umekuja kwa njia tofauti, breki kwa yake na taa ndogo kwa yake, lakini wote unarudi kwa waya nyeupe. Waya nyingine hubeba sehemu. Hiyo hubeba jumla.

Sasa ikatike. Wengi hudhani taa zitazimika. Laiti ingekuwa hivyo, maana taa iliyozimika hugunduliwa. Umeme ukinyimwa njia yake hutafuta nyingine. Washa taa ndogo peke yake: umeme unaingia kwenye globu ndogo za tela, unafika kwenye chuma cha tela, unakuta hakuna pa kurudia, basi unapanda kinyumenyume kwenye nyuzi za breki, unafuata waya ya breki hadi kwenye gari, unapita kwenye globu za breki za gari na kuipata bodi. Nyuzi za breki ni nene, hazimpi upinzani mkubwa mgeni huyu mdogo. Matokeo yake, taa ndogo za tela zinawaka karibu kama kawaida. Ukitazama kwa nyuma utaridhika.

Kanyaga breki wakati taa hizo zinawaka. Sasa waya ya breki nayo ina volti 12, sawasawa na waya ya taa ndogo. Pande zote mbili zinasukuma, hakuna upande wa kupokea. Njia ya uchochoroni imezibwa. Kama zipo globu za indiketa, umeme kidogo utapenya huko na taa zote zitafifia kwa pamoja. Kama hazipo, tela lote linakuwa giza. Yaani wakati uleule dereva anapowaambia walio nyuma yake kwamba anasimama, nyuma ya tela panatoweka.

Haya niliyajua kabla sijajua hesabu zake. Mwaka 1987 binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, alikuwa anatoka Mombo kwa pikipiki usiku. Mbele yake kulikuwa na lori lenye tela. Karibu na Korogwe lori lilipunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wanavuka, naye akaingia chini ya tela. Dereva alisema taa zilikuwa zinawaka. Utingo aliapa kwamba alizikagua kabla ya kuondoka, na kwamba alizunguka nyuma akaziona kwa macho yake. Watu waliofika pale hawakuwaamini. Mimi nilikuwa na miaka 15, na nilitaka sana wawe waongo.

Siku ya tatu baada ya mazishi mjomba alikwenda kwenye uwanja lilikohifadhiwa lori lile. Alinichukua nimbebee mfuko wa vifaa. Nadhani alitaka pia awe na mtu wa kumwona, asije akaambiwa kwamba alikwenda kuharibu ushahidi. Alimwomba dereva awashe taa. Zikawaka. Nakumbuka nilivyochanganyikiwa, kwa sababu niliziona nyekundu kabisa nyuma ya tela. Mjomba akaniambia nisimame palepale nilipo na nisiondoe macho. Akapaza sauti: "Bwana dereva, breki!"

Zikazimika zote.

Hakusema neno. Alichukua waya ndefu yenye vibanio, akabana upande mmoja kwenye chesisi ya lori na mwingine kwenye chesisi ya tela. "Breki tena." Taa za breki za tela zikawaka kwa nguvu hata nikafumba macho. Akaondoa kibanio, giza. Akarudisha, mwanga. Alifanya hivyo mara nne au tano, kama mtu anayeuliza swali lilelile akitumaini jibu tofauti. Kisha akafungua plagi. Pini ya ethi, ambayo kwenye plagi za malori ya volti 24 ndiyo namba 1, ilikuwa imeliwa na ukijani wa kutu ya shaba hadi imebaki kama mwiba. Soketi za indiketa za tela hazikuwa na globu hata moja. Miaka ile nchi haikuwa na fedha za kigeni, na globu ilikuwa mali. Madereva walizing'oa usiku wakalala nazo mfukoni zisiibiwe.

Dereva alikuwa amesema kweli, na utingo pia. Swichi iliwashwa. Taa zilikaguliwa. Hakuna aliyewahi kukagua taa ndogo na breki kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni jambo la tatu, lisilofanana na kila moja peke yake. Mjomba alimweleza dereva yule yote hayo pale uwanjani, taratibu, kwa sauti aliyotumia kuwaelekeza wanafunzi wake. Dereva akakaa chini kwenye kokoto, akalia. Mjomba akakaa naye.

Baada ya hapo mjomba hakupokea tela kwenye gereji yake bila kulifungia waya ya ethi ya pili, nene kama kidole cha mtoto, kutoka chesisi hadi chesisi. Hakuitoza. Wenye malori walidhani ni bidhaa ya bure ya kuvutia wateja, naye akawaacha wadhani.

Nimesoma sana juu ya plagi za tela tangu wakati huo, na nimeona kwamba historia yake ni ya watu wanaojifunza jambo lilelile katika nchi tofauti. Wajerumani ndio waliozipa waya za gari namba ambazo bado zinachapwa kwenye soketi za Ulaya: 31 ni ethi, 54 ni breki, 58 ni taa ndogo, L kushoto, R kulia. Katika plagi yao ya pini 7 kwa magari madogo walizitenga taa ndogo za kushoto na za kulia, kila moja na pini yake, ili zikilindwa kwa fyuzi tofauti, fyuzi moja ikiungua ubaki upande mmoja wenye mwanga. Ni wazo la mtu aliyewahi kuliona tela la giza. Lakini ethi ilibaki moja, pini namba 3. Ilipokuja plagi ya pini 13, yenye kazi nyingi zaidi, ethi zikawa 3: namba 3, 11 na 13. Karibu robo ya plagi nzima imetengwa kwa ajili ya kurudi.

Marekani ilifuata njia yake. Mwaka 1939 Buick ilianza kuuza magari yenye indiketa za kupepesa nyuma, na kwa kuwa taa nyekundu ya breki ilikuwa tayari ipo, Wamarekani wengi waliona hakuna haja ya taa nyingine. Nyuzi ileile ya breki ikafanywa ipepese upande mmoja dereva anapokata kona. Sheria yao ya taa iliyoanza kutumika mwaka 1968 iliruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu au ya rangi ya chungwa, na hali ni hiyo hadi leo. Ulaya nayo iliendelea kwa muda mrefu na vile vijimkono vilivyochomoza ubavuni mwa gari, ambavyo wazee wetu walivijua kwenye Volkswagen na Morris Minor, na ilipozikubali taa za kupepesa ikazitenga na breki na kuzipa rangi ya chungwa.

Ndiyo sababu tela dogo la Kimarekani linaridhika na waya 4: kahawia kwa taa ndogo, njano kwa breki na indiketa ya kushoto, kijani kwa ya kulia, na nyeupe. Ndiyo sababu pia gari la Kijapani au la Kijerumani lenye indiketa za rangi ya chungwa likitaka kulivuta tela hilo linahitaji kijisanduku cha kuchanganya waya za breki na za indiketa kabla hazijafika kwenye plagi. Ukiitazama plagi hiyo bapa kwa upande wa gari, utaona matundu 3 yaliyofichwa ndani ya mpira na pini 1 iliyo uchi. Zenye umeme zimefichwa zisipige shoti zikigusa chuma. Iliyo uchi ni ya waya nyeupe. Inaweza kugusa chochote bila kudhuru, na kwa kuwa iko uchi, ndiyo inayopigwa na matope, chumvi na mvua ikiwa haina kifuniko.

Ninaishi sasa Louisville, katika jimbo la Kentucky, mji ambao Kiswahili husikika sokoni na makanisani kwa sababu ya ndugu zetu wengi kutoka Kongo. Miaka michache iliyopita, watu wa jumuiya yetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, tulichanga tukanunua tela moja kuukuu. Kazi yake ni kubeba viti, meza na masufuria makubwa kwenda kwenye harusi na misiba. Katika nchi hii mtu anaweza kufa akazikwa na watu sita. Tela lile ni namna yetu ya kukataa. Likifika mahali, watu wanajua tumefika.

Jioni moja ya mwezi wa Novemba tulipata habari ya msiba Indianapolis, kilomita kama 185 kaskazini. Lilifungwa kwenye gari langu, la Kimarekani, lenye nyuzi moja kwa breki na indiketa, waya za plagi zimeungwa moja kwa moja kwenye zile za taa za nyuma. Jirani yangu, mwenyeji wa Bukavu, alisimama nyuma. Niliwasha indiketa ya kushoto.

"Mzee, kushoto iko inapepesa," alisema. "Lakini kulia nako! Kidogo kidogo."

Niliwasha taa ndogo. "Hizo ziko sawa." Nikakanyaga breki.

"Mzee, zote zimekufa."

Sikuhitaji kushuka ili kujua. Lakini kujua si kuthibitisha, na ukaguzi una utaratibu wake. Nilichomoa plagi kwanza, nikapima upande wa gari peke yake kwa testa, kibanio kikiwa kwenye ile pini ya uchi: kahawia, njano, kijani, kila moja iliwasha testa kwa zamu yake. Kama pini ya uchi ingekuwa na hitilafu, testa isingewaka kwa yoyote. Gari likaondolewa lawama. Mita ya kidijitali ningeweza kuitumia, ila mita haivuti umeme wa kutosha. Waya iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itakuonyesha volti 12 kamili na isiweze kuwasha globu. Testa yenye globu yake inauliza swali gumu zaidi.

Nikachomeka tena, nikabana waya kutoka pini ya uchi hadi kwenye chuma kitupu cha tela nilichokikwangua kwa tupa. Jirani akapiga makofi. Ethi, basi. Tulifuata waya nyeupe hadi kwenye mkono wa tela, ilipofungwa kwa bolti. Mmiliki wa zamani alikuwa amelipaka tela rangi nzuri ya kijani, kisha akafunga kishikio cha waya juu ya rangi. Meno ya bolti ndiyo peke yake yaliyokuwa yanagusa chuma, na kutu ilikuwa imekwisha kuyafikia. Msasa, brashi ya waya, bolti mpya, grisi juu baada ya kukaza. Nusu saa. Wakati tumekwisha kulala chini, nikaona vilevile kwamba kila taa ya tela ilitegemea bolti zake za kufungia ili ipate ethi, yaani kutu nyingine iliyokuwa inasubiri zamu. Wiki iliyofuata, tuliporudi, nilivuta waya nyeupe hadi kwenye kila taa, ili chuma cha tela kibaki na kazi ya kubeba viti.

Jirani aliniuliza kwa nini nilikanyaga breki wakati taa zinawaka, badala ya kukagua moja moja kama watu wengine. Nikamwambia habari za binamu yangu. Alinyamaza, kisha akazunguka nyuma ya tela akaniomba nikanyage tena.

Dereva hawezi kuziona taa zake za nyuma akiwa kwenye usukani. Hiyo ndiyo shida ambayo waya nyeupe haiwezi kuimaliza, na watu wameijaribu kwa njia nyingi. Barabarani kwetu jibu lilikuwa utingo, aliyesimama nyuma na kupaza sauti. Katika magari ya Ulaya rilei ya indiketa ilipewa pini ya ziada, C2, ya kuwasha kitaa cha pekee kwenye dashibodi: kikipepesa, dereva anajua indiketa za tela zinavuta umeme, kikinyamaza, ajue kuna globu iliyoungua huko nyuma. Mkataba wa Vienna wa 1968 uliagiza tela liwe na viakisi vyekundu vya pembetatu, ncha juu, ambavyo havihitaji waya wala betri. Magari ya sasa yana kompyuta inayotuma vipigo vifupi vya umeme kwenye taa za tela kusikiliza kama zipo. Taa za LED hula umeme kidogo kiasi kwamba kompyuta nyingine hudhani hazipo, na vipigo vyenyewe huzifanya zimetemete gizani wakati hakuna aliyeziwasha. Na mahali ambapo vyote hivyo havipo, yapo matawi ya miti yanayotandazwa barabarani nyuma ya lori lililoharibika, ambayo kila msafiri wa Afrika Mashariki anajua kuyasoma.

Vyote hivyo vinatafuta kitu kimoja: habari irudi kwa dereva kama umeme unavyopaswa kurudi kwenye betri. Kupeleka si kazi ngumu. Mtu akibonyeza swichi amepeleka, na kwa upande wake amemaliza. Dereva wa mwaka 1987 alipeleka. Kilichokosekana ni cha kurudi, umeme na habari, na kwa kuwa vyote viwili vilikosekana kwa pamoja, hakuna kilichomwonya.

Tela letu bado linafanya kazi. Limekwenda Cincinnati, Nashville na Indianapolis tena. Kabla halijaondoka, mtoto mmoja hupewa kazi ya kusimama nyuma, na watoto huigombania. Anataja anachokiona kwa sauti: taa, kushoto, kulia, breki. Kisha kuna la tano, ambalo wageni hudhani ni marudio tu, nao hutuuliza kwa nini tunapoteza muda. Taa na breki pamoja. Mtoto asipolisikia likitajwa, hulidai mwenyewe.

Mjomba amefariki, kwa uzee, nyumbani kwake. Fundi aliyerithi gereji yake anafunga waya ya ethi ya pili kwenye kila tela linalopita mikononi mwake, na haitozi.